Baiskeli ya mbio na mwendeshaji mfupi: uanze kubadilisha kipi?

Swali: Naishi Moshi, nina urefu wa sentimita 155, na mguu wangu kwa ndani ni sentimita 71. Nimenunua baiskeli ya mbio ya mtumba iliyotoka Uingereza, fremu 48, bomba la juu limeinama kidogo. Kranki zimeandikwa 170, usukani una upana wa sentimita 42. Nikipanda Marangu kutoka Himo magoti yanauma kwa mbele. Nikishuka vidole havifiki vizuri kwenye breki, na mikono inakufa ganzi. Fundi alisogeza siti mbele hadi mwisho, lakini ganzi imezidi. Viatu vya baiskeli nimetafuta, namba ndogo niliyopata ni 38 nami navaa 35. Dukani wameniambia ninunue baiskeli ya mtoto. Je, nifuate ushauri huo, au kuna vifaa vya watu wa kimo changu?

Jibu: Vifaa vipo, dada, na baiskeli ya mtoto usinunue. Ile imeundwa kwa uzito wa mtoto na mwendo wa mtoto, na breki zake hazikutengenezwa kwa mteremko kama wa Marangu. Shida yako ni kwamba baiskeli nyingi za mbio huchorwa kwanza kwa mtu wa sentimita 175 hivi. Kisha fremu inapunguzwa, lakini vifaa vinavyofungwa juu yake vinabaki karibu vilevile. Mtu wa kimo chako anauziwa fremu yake ikiwa na mikono ya pedali, usukani na breki za mtu mwingine. Vyote hivyo vinafunguliwa kwa spana na kubadilishwa. Cha msingi ni kujua namba unayoitafuta na kufuata mpangilio, maana kifaa kimoja kikibadilishwa kinahamisha vingine.

Naanza na breki, kwa sababu hilo halisubiri fedha. Usishuke tena Marangu kabla vidole viwili vya kila mkono havijaweza kuizunguka breki kwenye kiungo cha kwanza, ukiwa umeshika sehemu ya chini ya usukani. Kwenye mikono mingi ya breki ya miaka ya karibuni ya Shimano, kampuni ya vifaa vya baiskeli, kuna skrubu ndogo ya kuileta breki karibu na usukani. Kulingana na modeli, utaiona kwa mbele au ukifunua ule mpira wa kushikia. Izungushe kidogo kidogo, ukipima kwa vidole kila mara. Modeli nyingine za zamani na za bei nafuu hazina skrubu. Zilitumia kipande kidogo cha plastiki kinachopachikwa nyuma ya mkono wa breki ili usirudi mbali. Kwenye mtumba mara nyingi kipande hicho kimeshapotea, lakini bado kinauzwa kama kipuri.

Sasa angalia hapa, maana ndipo wengi wanapojiumiza. Ukiileta breki karibu na usukani, safari yake inakuwa fupi. Raba zikiwa mbali na rimu, utabana mpaka mkono wa breki uguse usukani na gurudumu bado linazunguka. Kwa hiyo kaza waya, sogeza raba, kisha bana kwa nguvu zako zote baiskeli ikiwa imesimama: gurudumu lifunge kabisa, na kati ya mkono wa breki na usukani bado pabaki nafasi ya kidole. Isipopatikana nafasi hiyo, rudisha skrubu nyuma kidogo. Ukija kununua baiskeli yenye breki za diski za mafuta, jua kwamba Shimano wana mikono ya breki iliyochongwa kwa viganja vidogo. Kwenye daraja lao la vifaa liitwalo 105, inaitwa ST-R7025. Kifaa hicho ni cha kiwango kamili, kazi yake ni ileile.

Pili, rudisha siti ilipokuwa. Namwelewa fundi wako, aliona unanyoosha mikono akataka kukusogeza mbele. Lakini siti haikuwekwa kwa ajili ya mikono, imewekwa kwa ajili ya pedali. Ukiisogeza mbele kupita kiasi, makalio yanapoteza kazi ya kubeba mwili, na uzito wote unaporomokea viganjani. Ganzi yako ilizidi kwa sababu hiyo. Goti nalo linatangulia mbele ya pedali na kubanwa zaidi. Umbali wa usukani unatibiwa kwenye usukani.

Tuje kwenye kranki, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naamini nusu ya maumivu yako yamelala hapo.

Kranki ni ile mikono miwili inayobeba pedali. Geuza pedali uangalie upande wa ndani wa mkono, karibu na tundu la pedali: kuna namba imechongwa, na kwako ni 170. Maana yake pedali yako inachora duara lenye upana wa milimita 340. Mtu mwenye mguu wa sentimita 85 anachora duara hilo bila taabu. Wewe una mguu wa sentimita 71, na kila pedali inapofika juu, goti linakunjwa kupita kiasi halafu linadaiwa nguvu likiwa bado limekunjwa hivyo. Kwenye mlima, ambako mzunguko ni wa polepole na nguvu ni kubwa, goti kwa mbele lazima lilalamike.

Kuna kanuni moja ya kukadiria: zidisha urefu wa mguu kwa ndani kwa 0.216. Kwako inatoka kama milimita 153. Siichukulii kama sheria, maana watu hutofautiana mapaja na unyumbufu, lakini inakuonyesha upande wa kwenda. Ningekuweka kati ya 155 na 160. Wenye duka watakwambia kranki fupi zinapoteza nguvu. Mwaka 2001 watafiti Martin na Spirduso walichapisha jaribio la kranki za kuanzia milimita 120 hadi 220, na tofauti ya nguvu ya juu kabisa kati ya iliyofanya vizuri na iliyofanya vibaya ilikuwa karibu asilimia 4 tu, tena hizo mbaya zilikuwa zile za mwisho kabisa pande zote mbili. Tadej Pogačar, mwendesha baiskeli wa mbio kutoka Slovenia mwenye kimo cha sentimita 176, mwaka 2024 alipanda kranki za 165, na mwaka huo alitwaa Giro d'Italia, Tour de France na ubingwa wa dunia wa barabarani. Kama yeye zinamtosha 165, hakuna sababu ya wewe kulazimishwa 170.

Ukitoka 170 kwenda 160, pedali ikiwa chini inakuwa juu zaidi kwa milimita 10, kwa hiyo siti inapanda milimita 10. Pedali ikiwa juu inashuka milimita 10. Ukijumlisha, goti lako linapata nafasi ya sentimita 2 pale linapobanwa zaidi, na nafasi hiyo utaihisi siku ya kwanza. Lakini kumbuka: siti imepanda, usukani haujapanda. Ukiweza, ongeza pete chini ya stemu, kile kipande kinachoubana usukani na kuuunga na baiskeli, au geuza stemu ielekee juu, ili mgongo usiinamishwe zaidi ya zamani.

Utazipata wapi? Shimano wanatengeneza kranki za 160 kwenye madaraja ya 105, Ultegra na Dura-Ace, kwa hiyo namba hiyo ipo katalogi na inaagizika. Kabla ya kuagiza, mwambie fundi afungue ekseli ya pedali, ile inayopita ndani ya fremu na kubeba kranki, na akuambie ni ya aina gani. Kama fremu ina nyuzi za skrubu za kawaida za Kiingereza na upana wa milimita 68, mfumo mpya wenye beringi za nje utaingia. Kama nyuzi ni za Kiitaliano, upana ni milimita 70, na vikombe vya beringi ni vingine. Hapo watu wengi hutupa fedha, wanaagiza kranki kwanza ndipo wanauliza ekseli. Angalia pia idadi ya gia za nyuma, ili sproketi za mbele ziendane na cheni yako.

Kuna watu watakushauri upeleke kranki zako kwa fundi wa mashine atoboe tundu jipya karibu zaidi na katikati. Inawezekana, na kuna karakana za nje zinazofanya kazi hiyo kitaalamu, ila kwa kranki za aluminiamu iliyojaa tu. Kranki za Shimano za Hollowtech zina uwazi ndani. Ukitoboa umeziua, na zitavunjika siku umesimama juu ya pedali. Za kaboni usiguse kabisa. Na tundu la pedali ya kushoto lina nyuzi za kinyume. Fundi asiyelijua hilo asikaribie baiskeli yako.

Jambo moja la gia kwa sababu ya Marangu. Kranki ya 160 inakupunguzia wenzo kwa karibu asilimia 6, kwa hiyo unahitaji gia nyepesi kidogo kufidia. Kama mbele una sproketi ndogo ya meno 39, kama baiskeli nyingi za mbio za zamani, hiyo ni ya vijana wa mashindano. Tafuta kranki yenye 50 na 34, na nyuma kaseti, yaani lile rundo la sproketi za nyuma, inayofika meno 30 au 32 kama gia ya nyuma inaikubali. Utazungusha haraka zaidi kwa nguvu ndogo, na goti litashukuru mara ya pili.

Sasa mbele. Pima mabega yako: mtu mwingine aguse ncha za mifupa ya juu ya mabega, pima kutoka ncha hadi ncha. Wanawake wengi wa kimo chako wanaangukia sentimita 34 hadi 37, na usukani wa 36 au 38 ndio unaowafaa. Wa 42 unakutanua mikono kama mtu anayesukuma toroli, na shingo na viganja ndivyo vinavyolipa. Uliza muuzaji kipimo kimechukuliwa vipi, maana wengine hupima katikati hadi katikati ya bomba na wengine nje hadi nje, na tofauti hiyo ni karibu saizi nzima. Jambo hili lina watetezi hata kwenye mbio kubwa. Mwaka 2025 shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, lilipotangaza kwamba kuanzia 2026 usukani wa mbio za barabarani usiwe chini ya milimita 400 nje hadi nje, waendeshaji wanawake walipinga wazi, na naona walikuwa na haki kabisa. Wewe hushindani, kwa hiyo kanuni hiyo haikufungi.

Upana peke yake hautoshi. Usukani wa mbio una kipimo cha pili, yaani unasogea mbele kiasi gani kabla ya kujikunja. Za zamani husogea milimita 85 hadi 100. Za sasa zilizofupishwa ni 70 au 75. Stemu yako sikuiona kwenye barua, lakini baiskeli za namna hiyo mara nyingi huja na ya milimita 90 au 100. Ukiweka ya 70 na usukani mfupi, unaweza kuokoa sentimita 4 hadi 5 za kunyoosha mikono bila kuigusa siti. Hicho ndicho fundi wako alikuwa anakitafuta. Chini ya 60 sikushauri kwenye usukani wa aina hii, kwani baiskeli inakuwa na wasiwasi kwenye mteremko. Na kabla ya kulipa, pima unene wa usukani pale stemu inapoubana: za sasa ni milimita 31.8, za zamani 26.0 au 25.4, na hazichanganywi hata kwa kufungia kipande cha bati, kama nilivyowahi kuona. Usukani ukizunguka wakati umebana breki, unaanguka kifudifudi.

Viatu. Najua hili limekuchosha zaidi, kwa sababu kila duka lina 42 na 43 tele. Acha kwanza namba ya 35 na upime mguu kwa sentimita. Fanya jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa shughuli za siku: simama juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta, uzito wote juu ya mguu huo, weka alama mbele ya kidole kirefu. Pima miguu yote miwili na ufuate mrefu. Kwenye jedwali la Shimano, namba 36 ni mguu wa sentimita 22.5, 37 ni 23.2, na 38 ni 23.8. Watu wengi wanaosema wanavaa 35 wanakuta mguu wao ni 22 hadi 22.5, kwa hiyo 36 ya wanawake yenye soli ya ndani nene kidogo inawakaa. Chapa nyingi huanzia hapo kwenye viatu vya kike, huku vya kiume vikianzia 38 au 39, na maduka yetu huagiza vya kiume. Omba 36 kwa jina na uombe jedwali la sentimita la chapa husika, kwa kuwa 36 ya kampuni moja si 36 ya nyingine. Ikiwa mguu uko chini ya sentimita 22, tafuta viatu vya vijana vya baiskeli za milimani. Watengenezaji kadhaa wa Ulaya wanavyo, na vina soli ngumu na matundu ya kliti, kile kipande kinachonasa kwenye pedali, kama vya wakubwa.

Wengine watakuambia uvae 38 na soksi mbili. Nakusihi usifanye hivyo. Kliti inafungwa mahali ambapo kiatu kinadhani sehemu pana ya wayo, ile iliyo nyuma tu ya vidole, ipo. Ndani ya kiatu kikubwa, kisigino chako kinakaa nyuma, na sehemu hiyo pana ya wayo inabaki nyuma ya kliti. Unaishia kusukuma kwa vidole, shavu la mguu linafanya kazi isiyo yake, na kisigino kinachezacheza kila mzunguko. Hata kwenye 36 inayokukaa, sogeza kliti nyuma hadi pale njia yake inaporuhusu, kisha anza kurekebisha kutoka hapo. Kwa sababu hii nakushauri uchague kliti ndogo ya matundu mawili, SPD, badala ya ile kubwa ya matundu matatu ya mbio. Sahani ya SPD chini ya kiatu mara nyingi ina jozi mbili za matundu, na utatumia jozi ya nyuma. Ile kubwa inajaza nusu ya soli fupi na haiachi nafasi ya kusogea. Tena ukisimama kununua ndizi Himo, unatembea kama mtu wa kawaida.

Kwenye mitumba, tuseme pale soko la Memorial, usisome namba ya Ulaya peke yake. Fungua ulimi wa kiatu, tafuta kibandiko kidogo: viatu vingi vina namba za nchi tatu au nne pamoja na sentimita au milimita, na 22.5 au 225 ndiyo namba yako. Pinda soli kwa mikono miwili. Ya kiatu cha baiskeli isikunjike. Angalia kama nyuzi za chuma za kliti hazijaliwa na kutu. Na mpaka upate kiatu cha kweli, pedali bapa pana na raba zenye soli ngumu zinakutosha kabisa. Sioni aibu yoyote kupanda Marangu hivyo.

Siti nitaisema kwa ufupi. Kimo hakisemi chochote kuhusu upana wa mifupa ya kukalia, na wanawake wengi wafupi wanahitaji siti pana kuliko iliyokuja na baiskeli. Kalia kipande cha boksi lenye mawimbi juu ya benchi gumu, inama kidogo, kisha pima katikati ya shimo moja hadi jingine. Ongeza sentimita 2 hadi 3, huo ndio upana wa siti. Urefu wake uanzie sentimita 62.7 kutoka katikati ya ekseli ya pedali hadi juu ya siti, ambayo ni mguu wako mara 0.883, na hiyo ni kwa kranki ulizonazo sasa. Ukiweka 160, ongeza ile sentimita moja.

Kitu cha mwisho cha kukagua kabla hujatumia fedha nyingi ni fremu yenyewe. Simama, pedali moja iwe mbele kwa usawa, geuza usukani taratibu. Kama ncha ya kiatu inagusa tairi la mbele, kranki ya 160 itakupunguzia sentimita moja ya tatizo hilo, lakini kliti ikirudi nyuma, mguu unasogea mbele, kwa hiyo inakula sehemu ya nafasi hiyo. Pima tena baada ya kubadilisha vyote viwili. Mguso huo hutokea ukikata kona kali kwa mwendo wa kutembea, na wengi huishi nao, ila ujue upo. Georgena Terry, mhandisi wa Marekani, alianza mwaka 1985 kuwauzia wanawake baiskeli zenye gurudumu dogo la mbele la inchi 24 ili kuuondoa mguso huo kabisa.

Ikiwa baada ya stemu ya 70, usukani mfupi na siti iliyorudi mahali pake bado unanyoosha mikono hadi viwiko vinafunga, basi fremu ni ndefu, na hakuna kifaa kitakachoifupisha. Iuze na ununue yenye namba 44 au 46. Ukikutana na ndogo yenye magurudumu ya 650C au yaliyoandikwa "26", soma namba ya milimita ubavuni mwa tairi kabla ya kulipa. 559 ni ya baiskeli za milimani, na tairi zake zimejaa sokoni. 590 ni ile ya 26 kwa 1 3/8, iko kwenye baiskeli nyingi za mjini za Kijapani. 571 ndiyo ya 650C, na tairi lake likipasuka Moshi utasubiri mzigo kutoka nje. Kranki, usukani, stemu na viatu utakavyokuwa umenunua usiviuze pamoja na fremu. Vifungue, uvihamishie kwenye baiskeli mpya, na umrudishie mnunuzi vile vya zamani.